Mazoezi ya Kufunga Dirisha

Jumatatu, 13 Januari

Mahamri hayakuumuka. Hamira ya duka la pembeni imekufa, nami nilijua, nikainunua hivyo hivyo kwa uvivu wa kwenda mbele. Nimeuza yaliyofaa. Yaliyobaki tumekula na Mama kwa mbaazi za jana. Karim katoka alfajiri kwenda Kilindini, hakula kitu. Karani wa kutoa mizigo bandarini, meli ikitia nanga yeye hana tumbo. Mdogo wangu huyu nimemlea mwenyewe tangu Baba afe, na mpaka leo, ana miaka ishirini na saba, bado namkimbiza na sahani.

Watu wa filamu wameingia mtaani. Walisema watakuja, na wamekuja. Njia imejaa nyaya na mataa. Wanaifanya filamu kutoka kitabu fulani, kitabu cha nchi ambayo mtawala wake anaitwa Msimamizi. Mtu akichukuliwa na watu wa Msimamizi, ni marufuku kulitaja jina lake tena. Anakuwa hakuzaliwa. Mji wa Msimamizi ndio huu wetu, kwa kuwa vichochoro ni vyembamba na madirisha yanatazamana. Sikujua kuwa hilo ni sifa.

Ukuta wa Mzee Twalib, jirani wetu wa mbele, wameuandika kwa rangi nyeusi: MSIMAMIZI ANAKUTOSHA. Kwa ruhusa yake. Mama alitoka barazani akausoma, akasema anayemtosha yeye ni Mungu, akarudi ndani.

Msichana kutoka Nairobi, Wangui, ndiye anayesema na sisi. Ana adabu zake. Anataka dirisha langu la juu, na mie niwe ndani yake. Nimekubali. Harusi ya Karim iko Mfungo Mosi, Ramadhani ikiisha, na harusi haiendi kwa dua peke yake.

Alhamisi, 16 Januari

Leo tumefunzwa kufunga madirisha. Watu wazima na akili zetu.

Mwongozaji ni mwanamume mwembamba asiyejua kusalimu watu. Alisimama katikati ya kichochoro akatueleza. Gari la Msimamizi likiingia, kila mtu afunge dirisha lake. Si kwa haraka, si kwa hofu. Kama mtu anayefunga kwa sababu ya vumbi. Ndivyo kitabu kisemavyo, watu wa nchi ile wamekwisha kuzoea. Usichungulie chini. Usitazamane na jirani. Jitie hamnazo. Gari likitoka, fungua, endelea na kazi yako. Kazi yangu mie ni kuchagua mchele kwenye ungo.

Mara ya kwanza nilichungulia, nikakemewa. Mara ya pili Mzee Twalib alinipungia mkono kutoka kwake, akakemewa yeye. Tukarudia, tukarudia, mpaka mwadhini akatukata. Baada ya sala tukaanza tena. Mwisho mtaa mzima ulifunga kama mtu mmoja na mwongozaji akacheka, mara ya kwanza nimwone na meno. Niliona fahari. Kweli, niliona fahari, kama mtoto aliyepewa tiki.

Kwenye mazoezi hakuna mavazi. Makoti ya kijivu ya watu wa Msimamizi yamewekwa kwa siku ya kamera tu. Mazoezi kila mtu na nguo zake, na gari lolote linatosha.

Jumapili, 19 Januari

Karim kaazima kile kitabu kwa Wangui, kakimaliza. Ananiambia, Da Zena, hiki hakikutungwa, kimenakiliwa. Nikamwambia ashushe sauti. Siku hizi amezidi. Anaandika kwenye simu yake habari za vijana wanaopotea, jina baada ya jina, na watu wanamsoma, wengi, hata wasiomjua. Mama humwambia mdomo huponza kichwa. Yeye humbusu mkono akacheka. Ukimgombeza mtu anayekubusu mkono unakosa pa kushika.

Tena kaenda kuomba kazi kwenye filamu. Wamempa. Atakuwa kijana anayechukuliwa. Mchumba wake, Rukia, amefurahi, anataka kuja kutazama. Mama hakufurahi. Msiba hauigizwi mlangoni pako, anasema, utasikia unaitwa. Nilimwambia hayo ni mambo ya watu wa kale. Akanyamaza. Mama akinyamaza ujue hajakubali.

Nami nimeanza kukisoma hicho kitabu. Sikipendi. Kurasa zote hizo na hakuna hata mtu mmoja anayepika.

Jumanne, 21 Januari

Mazoezi ya Karim. Watu wawili wanamtoa barazani petu, wanamshika makwapa, wanamburuta mpaka kwenye gari. Hapaswi kusema kitu. Yeye alipoburutwa mara ya kwanza akapiga ukelele, "Da Zena!", kwa mzaha tu, mtaa ukaangua kicheko. Nilidhani mwongozaji atamfukuza. Badala yake akasema libaki. Kijana aite. Na yule dada wa juu, akisikia jina lake, afunge.

Basi ndivyo tulivyofanya asubuhi nzima. Yeye anaita, mie nafunga. Mara ya kwanza vidole vilikataa. Mwongozaji akapaza sauti kutoka chini kwamba nimechelewa. Baadaye vikazoea.

Karim jioni alinitania kwamba nimemtupa. Nikamwambia kula.

Ijumaa, 24 Januari

Mahamri leo yameumuka vizuri, yamekwisha mapema. Kuna mtu wa filamu sijamwona kabla, shati jeupe limepigwa pasi, kofia. Katoa subalkheri kama mtu wa mji. Kanunua manne, hakungoja chenji. Kauliza yule kijana anayechukuliwa ni wa nyumba hii? Nikamwambia ndiyo, mdogo wangu. Jumatatu atakuwepo? Nikamwambia Jumatatu haendi bandarini mpaka saa nne, yuko hapa. Watu wa filamu ndiyo desturi yao, siku nzima ni nani yuko wapi na saa ngapi. Kashukuru, kaenda zake.

Rukia na mamake wamekuja alasiri. Wamezungumza na Mama mambo ya leso, zile Rukia atakazowagawia wanawake wa upande wetu. Mama anataka nyekundu. Rukia anataka buluu, ila hawezi kumwambia. Mie nimemwahidi nitasema.

Jumatatu, 27 Januari

Mazoezi tena asubuhi, bila hata kutuarifu. Ndiyo ustaarabu wao. Gari jeupe, watu wanne, nguo zao za kawaida. Nilikuwa juu nachagua mchele wa kweli, wa mchana. Nikasikia injini, nikakaa sawasawa.

Karim alikuwa barazani anavaa viatu. Safari hii walimkamata kwa nguvu sana, nitamwambia Wangui, mtu ana harusi asije akavunjwa mkono. Aliita jina langu. Aliita tena. Sauti ilinisimamisha nywele. Nikasema moyoni, huyu keshakuwa mwigizaji. Nikafunga dirisha, polepole, kama kwa vumbi. Nilisikia madirisha ya wenzangu. Mtaa ulifunga vizuri kuliko siku zote. Gari lilipotoka Mzee Twalib alipiga makofi peke yake kule kwake.

Hajarudi kula. Labda wamepitiliza naye Shimanzi, wamekodi godauni huko, ndilo jela yao. Nimemfunikia wali. Kiatu kimoja kilibaki barazani, nimekiingiza ndani.

Siku hiyo hiyo, magharibi

Wangui kaja kuomba radhi. Walikuwa Shimanzi wote tangu alfajiri, malori yaliwafungia njia, hawakuweza kutoka. Mazoezi ya leo hayakufanyika, anasema.

Nilimwuliza mara ya pili. Hayakufanyika.

Simu ya Karim haipatikani.

Mama yuko kwenye msala. Sijui nitamwambia nini akitoa salamu. Nilifunga dirisha. Aliniita kwa jina langu nikafunga dirisha.

Jumanne, 28 Januari

Kituoni na Mzee Twalib. Tumengojeshwa mpaka miguu ikafa ganzi. Askari aliyetusikiliza si mtu mbaya, aliniletea kiti. Akauliza nani aliyemwona akichukuliwa. Nikasema mtaa mzima. Akauliza walikuwa na sura gani. Nikasema tulifunga madirisha. Akaweka kalamu chini. Nikamweleza habari ya filamu. Alitaka kucheka, akajizuia, nikamwona anavyojizuia. Akasema, "Sasa mama, shahidi ni nani hapa?" Mzee Twalib akainamisha kichwa.

Tumepewa nambari ya OB, ile ya kitabu chao cha matukio. Hiyo ndiyo tumerudi nayo nyumbani.

Sikumtaja yule mtu wa mahamri. Sijui kwa nini sikumtaja. Najua. Kwa sababu ni mie niliyemwambia saa nne.

Jumatano, 29 Januari

Hakuna.

Alhamisi, 30 Januari

Vituo vyote vya kisiwani. Hospitali. Chumba cha maiti pia. Nilimwomba Mungu asiwemo, halafu alipokuwa hayumo nikatamani angekuwemo, nijue. Niliandike hili ili nijue mie ni mtu wa namna gani.

Kule bandarini, bosi wake amekwisha kuweka mtu mwingine kwenye meza yake. Mizigo haingoji, alisema.

Majirani wameleta sinia la pilau, sufuria za mchuzi, mikate ya sinia. Chakula cha matangani. Mama kakisukuma chote kirudi. Kasema hapa hakuna tanga. Wanawake wakasimama mlangoni na masinia yao hawajui waende wapi. Bi Mwanaidi, mkewe Mzee Twalib, alilia. Mama hakulia.

Hakuna aliyelitaja jina la Karim. Wanasema "yule kijana" au "jambo lile". Si kwamba hawampendi. Wanaogopa, nami siwezi kuwalaumu, jana nilipoulizwa na mtu nisiyemjua kama mie ni dadake nilisita kabla ya kujibu.

Ijumaa, 31 Januari

Mwongozaji kaja mwenyewe, Wangui nyuma yake. Nilidhani kaja kutoa pole. Ametoa, sikatai, maneno mawili. Kisha kasema wana tatizo. Kipande kimoja cha Karim, cha uso, walikwisha kukipiga kwa kamera kwenye mazoezi ya wiki iliyopita, na kingine kimebaki. Wamepata kijana mwingine wa kimo kile, watamwonyesha mgongo. Wanahitaji shati alilovaa Karim siku ile, la michirizi, ili isionekane kama ni watu wawili.

Nilimtazama. Sikupata tusi linalomtosha, na matusi ninayo.

Mama ndiye aliyekwenda chumbani. Nilidhani anakwenda kulala. Katoka na shati limekunjwa, kampa. Kasema, "Mlirudishe likiwa safi. Atalitaka." Mwongozaji alilipokea kwa mikono miwili, na akashindwa kutoka. Ilibidi Wangui amshike mkono.

Jumanne, 4 Februari

Wangui kaja peke yake, kajifunika mtandio, kapitia nyuma. Kasema asionekane, atapoteza kazi.

Siku ile kulikuwa na kamera moja juu ya paa la nyumba ya pili. Waliiacha hapo tangu usiku ipige kichochoro peke yake, wapime mwanga unavyoingia. Hakuna aliyekuwa nayo. Ilipiga yote. Kampuni inajua. Wakili wao kasema kila kilicho ndani ya kamera ni mali ya kampuni, na kampuni haitaki ugomvi na mtu. Yeye kanakili kwenye simu.

Nilidhani moyo utapasuka kwa furaha. Nilimbusu kichwani, mtoto wa watu. Nilisema alhamdulillahi, shahidi tumempata.

Tumetazama jikoni, mlango umefungwa. Gari halina nambari. Mbele halina, nyuma halina. Watu wana kofia, wameinama, kutoka juu huoni uso hata mmoja. Mmoja shati lake jeupe, limepigwa pasi. Karim anaonekana vizuri. Anashika nguzo ya baraza, wanambandua vidole. Anatazama juu kwangu. Halafu madirisha. Langu kwanza. Kisha la Mzee Twalib, kisha la jirani, moja baada ya jingine mpaka mwisho wa njia, na yeye anageuza kichwa kutazama kila moja linavyofungwa.

Nilidhani aliita ili aigize. Alikuwa anatutafuta.

Wangui aliuliza anifutie au aniachie. Nikamwambia peleka kituoni. Kasema alikwisha kuwaonyesha jana. Walimwambia hakuna nambari ya gari, hakuna nyuso, na yeye mwenyewe anafanya nini na mali ya kampuni.

Ijumaa, 7 Februari

Filamu imeondoka. Wamekunja nyaya zao, wamefagia. Ukuta wa Mzee Twalib wameupaka chokaa mpya, safi kuliko ulivyokuwa. Dirisha langu sikuwapa kwa siku ya kamera. Walimweka mwanamke mwingine kwenye dirisha jingine. Nilisikia wakipiga filimbi, gari likiingia, kijana wa watu akiita "Da Zena" kwa sauti isiyo yake, na madirisha. Nilikaa chooni nimejiziba masikio na leso mpaka wakamaliza.

Shati limerudishwa, limefuliwa, limepigwa pasi. Mama amekasirika. Kasema hakuomba lifuliwe kiasi hicho, harufu yake imekwenda.

Jumamosi, 1 Machi

Mwezi umeandama. Kesho tunafunga. Rukia kaja na uji na kaimati, kakaa nasi, kaosha vyombo kama wa nyumbani. Harusi haitajwi. Leso zilikwisha kuchapwa, buluu, ziko kwao kwenye makasha. Mama ndiye aliyetuma neno kwao zichapwe buluu, kabla Karim hajachukuliwa. Rukia alidhani ni uamuzi wa mamake, nimemwambia leo. Alicheka kidogo kisha akaniomba ruhusa aende uani.

Jumatatu, 31 Machi

Idi. Hatukupika. Watu walikuja kutoa mkono wa Idi, Mama akawapa mkono. Wote tulisema Idi njema.

Jumatano, 18 Juni

Wakili mmoja wa mji huu alitusaidia bila malipo, Mungu amjaze. Mahakama iliamuru Karim aletwe mbele yake, akiwa hai au maiti. Leo ndiyo ilikuwa siku. Wakasimama watu wa ofisi moja baada ya nyingine, suti nzuri, wakaapa kuwa hawana mtu wa jina hilo na hawajapata kuwa naye. Jaji akawaamini au hakuwaamini, mie siwezi kujua. Akasema faili libaki wazi.

Nilikuwa nikisoma kile kitabu nikidhani nchi ya Msimamizi ina makelele, virungu, watu wakipigwa njiani. Kumbe ni chumba chenye feni, na watu wanaokuambia pole mama, pita huku.

Tuliporudi nilimwambia Mama habari za mtu wa mahamri. Yote. Ile saa nne. Nimelibeba tangu Januari, nimechoka kulibeba. Alikuwa anachambua mchicha. Akauliza, "Ulimpa kwa mkono wako?" Nikasema ndiyo. "Yalikuwa ya moto?" Nikasema ndiyo, Mama, ya moto. Akaendelea na mchicha. Hajaniambia neno jingine leo, na kwa chakula cha usiku alinipakulia kama kawaida.

Jumanne, 9 Septemba

Nimeacha kuuza mahamri. Nashona mashuka ya watu. Mashuka hayana wa kuja mlangoni na subalkheri.

Mzee Twalib hakai barazani tena. Kahamia kwa bintiye, mtaa wa Buxton. Anasema ni miguu, ngazi zimemshinda. Alikuja kuaga. Alisimama akanitazama muda, akaniomba radhi kwa yale makofi. Nikamwambia hakujua. Akasema kweli, hakujua, ila mikono yake inajua.

Jumamosi, 10 Januari

Filamu imekuja. Wameionyesha bure kwa watu wa mji, ukumbini, viti vya mbele vya wakubwa. Mtaa wetu wote ulialikwa. Mama kasema hana haja. Nilikwenda peke yangu, nikakaa nyuma karibu na mlango.

Ni filamu nzuri. Afadhali niseme ukweli, ni nzuri. Vichochoro vyetu sikuvijua, vimekuwa vya nchi nyingine. Watu walikaa kimya. Msimamizi mwenyewe haonekani hata mara moja, ni sauti tu, laini, kama ya mtu anayekuombea.

Kikafika kile kipande. Nilikuwa nimejiapiza, wakiwa wametia ile ya kweli, ya paani, nitakimbilia mbele niwapigie mayowe, na viatu vya kukimbilia nimekuja navyo. Hawakuitia. Ni Karim wa mazoezi, Karim wa kamera ya siku zile za kwanza. Anaburutwa, anaita. Uso wote kwenye kitambaa kile kikubwa, mkubwa kuliko mlango. Na anazuia kicheko. Hakuna anayejua ukumbini isipokuwa mie. Karim akitaka kucheka pua humpanuka na shavu la kushoto hutetemeka, tangu akiwa mdogo, hawezi kudanganya. Watu walidhani ni hofu. Mwanamke wa mbele yangu akashika kifua. Akamwambia mwenzake, "Masikini, kama kweli."

Sekunde chache tu. Kisha ule mgongo wa mtu mwingine, shati la michirizi, na madirisha.

Mwisho watu walisimama wakapiga makofi. Wakubwa wa mbele pia. Mmoja wao akapanda jukwaani akasema filamu kama hizi zinatukumbusha tushukuru kwa amani yetu. Nilimsikiliza mpaka mwisho. Niliogopa kutoka kabla ya watu nikaonekana.

Nimemwambia Mama Karim anacheka. Akauliza, sana? Nikasema kidogo. Akasema basi inatosha.

Alhamisi, 29 Januari

Wamekuja watu wa Rukia. Ami yake na wazee wawili, na mamake upande wa wanawake. Walituma habari mapema, kwa hivyo nilijua. Mama pia alijua. Kaoga, kavaa buibui jipya, kafukiza udi chumba kizima.

Masalkheri, masalkheri mema, hali, hali njema, watoto, wote wazima. Ilichukua muda wake, hakuna aliyeharakisha. Nikamimina kahawa. Mamake Rukia kaleta sinia limefunikwa kitambaa cheupe, kaliweka chini, hakulifunua. Sote tulijua ni pete na vile vitu tulivyompelekea siku ya posa.

Ami akasema wao hawakuja kusema jambo. Wamekuja kuuliza. Kuna watu wamebisha hodi kwao. Watu wema. Wangependa jambo liwe ndani ya mwezi huu wa Shaabani, kabla ya Ramadhani. Rukia mwenyewe hakusema ndiyo, hakusema la, amesema aulizwe Mama wa huku. Neno lake ndilo litakalofuatwa. Hata akisema wangoje, watangoja.

Hawakumsukuma. Ningependa wangemsukuma, tukagombana.

Akisema wangoje, msichana wa watu anazeeka kwa ajili ya faili lililo wazi. Akisema wamwoze, yeye kwa mdomo wake, mbele ya wazee, amesema Karim harudi. Mwaka mzima alikuwa amekataa kila kitu. Kakataa pilau ya watu. Kakataa khitma isisomwe. Imamu alipotaka kumtaja Karim kwenye dua ya waliotangulia, Mama alituma mtu msikitini amzuie. Nilitazama mikono yake. Ilikuwa imetulia mapajani.

Kahawa ikapoa vikombeni.

Mama akasema, "Mwozeni mtoto. Asikae kwa ajili yetu."

Ami akainua mikono, wakasoma Fatiha. Mama aliinua yake pia. Mamake Rukia alilia, ndiye peke yake. Kisha wakaaga mmoja mmoja, kwa heshima zote, na Mama akawasindikiza hadi mlangoni, jambo ambalo miguu yake haimruhusu siku hizi.

Niliporudi chumbani alikuwa amekaa karibu na lile sinia. Hajalifunua. Akaniambia, "Karim akirudi, mwambie ni mimi niliyemtoa Rukia. Wewe ulikuwa jikoni. Hukusikia neno."

Nikasema nitamwambia. Nikakusanya vikombe, nikaenda kuviosha.